Stoo ya Kahawa

Nilipopunguzwa kazini, ofisi iliniruhusu kuinunua taipureta niliyoizoea. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mashirika yanafungwa, na mjini Moshi ungekutana asubuhi na watu wazima waliovaa vizuri lakini hawana pa kwenda. Mimi nilirudi Machame, kwenye kihamba cha baba mkwe wangu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, nikiwa nimeifunga mashine kwa kitenge na kuipakata njia nzima.

Mume wangu alikuwa kiwandani kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa, na alipanda nyumbani mwisho wa juma tu. Mama mkwe alikwisha kufariki. Kwa hiyo siku za kazi tulikuwa watu wawili pale nyumbani, mimi na baba mkwe, watoto wakishaenda shule.

Nilidhani nitafurahi. Hakuna kudamka kukimbilia basi, hakuna bosi wa kunisimamia mgongoni. Niliiweka mashine juu ya meza ya chakula, nikatangaza kanisani na sokoni kwamba napiga chapa, na kazi zikaja: barua za kuomba ajira, katiba za vikundi vya akina mama, ratiba za kwaya. Mwalimu mkuu wa sekondari moja ya jirani akaanza kuniletea mitihani ya shule yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya uhakika.

Kumbe sikujua kwamba mtu aliye nyumbani, machoni pa watu, hana kazi. Nikiwa katikati ya ukurasa, jirani anaingia bila hodi. "Afadhali nimekukuta. Nishikie mtoto, nakimbia mnadani mara moja." Mwingine anataka kusindikizwa kwenye msiba, mwingine ana mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuonjwa. Na baba mkwe, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akifoka, aliniita kutoka kila pembe ya shamba.

"Mama!"

"Abee, baba."

"Kwa kuwa upo tu, hebu mtazame huyu ng'ombe, naona hali majani."

Nilikwenda kumtazama ng'ombe. Nikirudi, nimesahau sentensi nilipoiacha, na mara nyingine nimeruka mstari mzima. Jioni watoto wanataka meza, kiburu cha ndizi na maharage kinataka kupakuliwa, nami nakusanya karatasi na kuzirundika juu ya kabati. Wakilala nazishusha tena. Nilikuwa kazini wakati wote na sikuwa kazini hata saa moja. Nilikonda. Kitu nilichokikosa kuliko vyote, na nilikionea aibu kukisema, kilikuwa chai ya saa nne pale ofisini, tulipokuwa tukikaa wanawake watupu tukicheka mpaka mkuu anagonga ukuta.

Siku moja mwalimu mkuu alikuja kuchukua mtihani wa kidato cha nne. Alinikuta jikoni. Sebuleni, kwenye meza ile ile, alikuwa amekaa binti wa jirani akinisaidia kumenya ndizi, naye alikuwa mwanafunzi wake wa kidato hicho hicho. Stensili, zile karatasi za nta za kurudufia mtihani, zilikuwa pale pembeni, zimefunikwa na gazeti. Yule binti hata hakuwa amezigusa. Mwalimu aliinua gazeti, akamtazama binti, akanitazama mimi. Hakugomba. Alizikusanya taratibu, akasema, "Dada, sina shaka na wewe. Ila siwezi kuuweka mtihani wa shule mezani pamoja na ndizi." Akaaga, akashuka njia.

Niliketi, ndizi na kisu mkononi, nisijue niendelee kumenya au nilie.

Mume wangu alipokuja Jumamosi nilimwambia, "Nahitaji chumba chenye mlango." Wote wawili tulijua chumba ni kipi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo ya kahawa, ya matofali, imeezekwa bati. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na wengi walikuwa wakiing'oa mibuni wapande nyanya na maharage. Baba mkwe hakung'oa hata mmoja. Stoo aliifunga kwa kufuli, na ndani hamkuwa na kitu zaidi ya mashine ya kumenyea kahawa na magunia matupu.

Mume wangu alikwenda kuzungumza naye kwenye zizi. Hakukawia kurudi. "Anasema ile ni nyumba ya kahawa. Kahawa ikirudi ataiweka wapi?"

Siku kadhaa niliendelea kupiga chapa pale pale kwenye meza ya chakula. Mkwe hamjibu baba mkwe wake, ndivyo nilivyolelewa. Kisha asubuhi moja, nikiwa na barua ya kijana aliyekuwa akiisubiri pale pale uani, nikasikia naitwa tena. Kwa kuwa nipo tu, niwafukuze kuku waliokuwa wakichakura miche yake. Nilitoka. Niliwafukuza kuku. Halafu nikamwendea pale aliposimama, nikapiga goti kidogo kama desturi yetu.

"Baba, naomba kusema neno."

"Sema, mama."

"Mimi sipo tu. Nipo kazini. Ningekuwa mjini usingeniita, na kuku wangefukuzwa na mtu mwingine. Ada ya watoto inatoka kwenye ile mashine. Nisamehe kama nimekukosea adabu."

Baba mkwe aligeuka, akaendelea kupalilia. Nilirudi kwenye barua ya yule kijana na kuikosea mara tatu.

Siku iliyofuata sikuitwa kabisa, na ukimya ule ulinitisha kuliko kuitwa. Siku ya pili yake nikasikia vishindo nyuma ya nyumba. Nilipochungulia, stoo ilikuwa wazi na vumbi linatoka mlangoni kama moshi. Baba mkwe alikuwa ndani, anakung'uta magunia.

"Mashine yangu itabaki kwenye kona ile," alisema bila kunitazama. "Kona tatu zilizobaki ni zako. Ufunguo huu hapa."

Sikuweza kushukuru vizuri. Nilisema tu, "Asante, baba," nikaingia kumsaidia kufagia.

Mlango ule ulibadili mambo. Asubuhi nilivaa sketi yangu ya ofisini na viatu, nikatoka nyumbani nikaenda kazini, ingawa kazini kulikuwa hatua chache tu kupita migomba. Watoto walifundishwa kubisha hodi. Jirani akija, baba mkwe alimpokea yeye mwenyewe uani. "Mkwe wangu yuko kazini," nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo kubwa. "Njoo saa kumi." Saa kumi ikifika nilifunga kwa ufunguo, na kilichobaki humo kilisubiri kesho. Hilo la kufunga lilinichukua muda kulizoea. Mara ya kwanza nilirudi kuchungulia dirisha ambalo halikuwepo, kwani stoo haikuwa na dirisha.

Saa nne nilichemsha chai ya maziwa na kumwita yeye. Tulikunywa tukiwa tumekaa juu ya magunia. Baadaye alianza kunisimulia jinsi alivyomchumbia mama mkwe, alivyotumwa kupeleka mbege kwao akaanguka nayo mferejini, akafika amelowa pombe kichwa hadi miguu. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Yeye pia alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe.

Mwalimu mkuu nilimfuata mwenyewe shuleni. Nilimwomba aje aone tu. Alikuja, akausukuma mlango, akalijaribu kufuli, akatazama sanduku la bati nililonunua kuwekea stensili. Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yake kama mlinzi. "Hapa hata mimi siingii bila hodi," akamwambia. Muhula uliofuata mitihani ilirudi, na shule ya pili ikaja nyuma yake.

Kulikuwa na tatizo moja tu, giza. Siku za mawingu nilipiga chapa mlango ukiwa wazi na karatasi zikipeperuka. Wiki moja kabla ya Pasaka, baba mkwe alimleta fundi mwashi.

"Kahawa haihitaji mwanga," alisema, akichora mraba ukutani kwa kipande cha mkaa, "lakini mtu anauhitaji. Toboa hapa."

Fundi akaanza kugonga. Tofali la kwanza lilipodondoka nje, mwanga uliingia hadi kwenye mashine yangu, nikaiona migomba, na nyuma yake miche mipya ya kahawa aliyokuwa ameipanda.