Kasha la Mlangoni

Mtunza maktaba wa kijiji chetu, kule Ilongero, alikuwa na makasha mawili ya mbao ambayo hayakuwa na vitabu. Moja lilikaa chini ya dirisha, jingine nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na watu. Nasema watu kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, "Leo nimeingiza mtu mmoja," na mimi niliyekuwa nikifagia pale niliona hivyohivyo kila nilipoyapitishia kitambaa.

Kazi yake ya kulipwa ilikuwa kuazimisha vitabu. Aliyoipenda ilikuwa kuwachora wanakijiji na kuandika maisha yao. Mtu akija kurudisha kitabu, mzee alimkalisha kwenye kigoda, akachonga penseli kwa wembe, akamchora huku akimhoji: ulizaliwa wapi, ng'ombe wenu wa kwanza mlimpataje, nani alikufundisha kusoma. Picha ilikaa mbele, maisha yakafuata nyuma yake, vyote ndani ya jalada moja la kaki, na jalada likaingia kasha la dirishani. Siku mtu huyo akifa, mzee alikwenda mazishini, akasubiri matanga yaishe, kisha akalihamishia jalada lake kasha la mlangoni. Basi. Hakuandika tarehe wala neno. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akanijibu kwa ukali kidogo kwamba yeye anaandika maisha, kifo ni kazi ya waliobaki.

Mama yangu naye alichorwa. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nimesimama pembeni namwona mzee akihangaika kuzichora nywele za mama. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara inaanza, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi, na kila mwenye nauli akajiona mfanyabiashara. Wiki ileile mama alipanda lori kwenda Arusha kutafuta mitumba ya kuja kuuza. Alituma barua mbili na gauni moja la bluu, kisha kimya. Bibi alisema atarudi baada ya mavuno, halafu akasema mavuno yajayo, mpaka akaacha kabisa kutaja mavuno.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kufagia maktaba, mtu mzima na mtoto wangu mgongoni, nilijua vizuri kwamba jalada la mama limo katika moja ya makasha yale. Mzee alifahamiana na madereva na watu wa minada mpaka Babati huko, na habari zilimfikia kabla ya wote. Ningeinua kifuniko ningejua. Sikuinua. Miaka miwili nilifuta vumbi, na kasha la mlangoni nililifuta harakaharaka, uso nimeugeuzia nje, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nikisimama pale kidogo tu nitamsikia akiniita kwa jina la utotoni. Mchana kweupe, jua kali, na nywele zinanisisimka. Cheka ukipenda, lakini wewe hukuwapo pale.

Mara moja tu nilijikaza.

"Mzee, mama yangu ulimwandika vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu."

"Na sasa hivi je?"

Akainama kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Nikachukua ufagio wangu nikatoka.

Halafu serikali ya kijiji ikampangisha kile chumba cha maktaba mnunuzi wa alizeti kutoka mjini. Siku lori lilipofika na magunia, mzee alikuwa msibani Mtinko, na wapakuzi hawakuwa watu wa kusubiri. Mmoja aliyabeba makasha yote mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine, akajikwaa kizingitini. Majalada yakamwagika sakafuni, walio hai na waliokufa, na wapakuzi wakawa wanapita juu yao na magunia mabegani. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Nilipiga magoti nikaanza kuwapanga upya, na haikuwa kazi ngumu, maana kijiji changu nilikijua. Mama muuza pombe ya mtama, huyu yupo. Fundi cherehani, huyu tulimzika. Nikaendelea hivyo mpaka nikabaki na jalada moja tu mkononi. Mama alikuwa akinitazama, msichana karibu wa umri wangu. Hakuna aliyeweza kuniambia alimwagika kutoka kasha lipi. Nikamweka kwenye la dirishani, chini kabisa, nikafunga.

Mzee aliporudi makasha yalihamia nyumbani kwake. Alinishukuru, hakuuliza kitu. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila nilipopita kwake nilimwamkia, shikamoo, marahaba, habari za mtoto. Na mimi, mjinga, nilianza kuuamini mkono wangu mwenyewe. Nilimwambia mwanangu kwamba bibi yake yupo, iko siku atakuja.

Ikafika zamu ya mzee. Matanga yalipoisha binti yake aliniita. Mzee alikuwa amejichora na kujiandika mwenyewe, na binti alitaka jalada lake lihamishwe kama yeye alivyowafanyia wengine, ila aliogopa kukosea. Nilimkuta mzee juu kabisa katika kasha la dirishani. Nikambeba kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikainua kifuniko cha kasha la mlangoni bila kufikiri. Mama alikuwemo humo.

Alikuwa ameyapitia majalada, akaliona kosa langu, akalisahihisha, akanyamaza. Huenda alijua tangu kabla sijashika ufagio. Shikamoo zote zile, na yeye anajua! Nilimkasirikia maiti, nasema kweli. Nilitaka kumrudisha mzee kwa walio hai akae hukohuko anisubiri kama nilivyosubiri mimi. Lakini binti yake alikuwa amesimama pale, macho mekundu, hana kosa lolote. Nikamlaza mzee mahali pake, nikaaga.

Nyumbani nilitandika mkeka, nikavua viatu, nikakaa chini nikanyoosha miguu, nikalia kwa sauti kama maiti anavyoliliwa. Jirani yangu akaja mbio huku anajifunga khanga.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Mama."

Akakaa pembeni yangu, akanishika mabega. "Pole, dada yangu. Pole sana. Lini?"

Sikuwa na siku, sikuwa na mwezi, hata mwaka sikuwa nao.

"Leo," nikamwambia.

Akatoka kwenda kuwaita wengine.