Mama Aliyetaka Abishiwe

Wasichana wa mwaka wa kwanza walipofika chuoni, waliotangulia waliwapa maonyo matatu: maji ya bomba hukatika saa nne asubuhi, wadudu wa ziwani wakija funga dirisha, na ukipita uwanja wa kuanikia usijidai huna habari, maana Mama Otuoma atakupa pembe ya shuka.

Haukuwa utani. Odeta, ambaye wote walimwita Mama Otuoma kwa jina la mwanawe wa kwanza, ndiye aliyefua shuka na mapazia ya bweni la wasichana katika chuo kikuu kile kipya, nje kidogo ya Mwanza. Shuka ya chuo ikilowa ni nzito, mtu mmoja hawezi kuikamua. Lazima wawili washike, huyu pembe hizi, yule pembe zile, kila mmoja asokote upande wake mpaka ijinyonge na maji yawamwagikie miguuni. Watu wawili wakivutana hivyo hawana pa kutazama isipokuwa usoni. Na usoni ndipo Odeta alipotaka kutazama.

Kusoma nyuso alijifunza kiwandani. Alizaliwa ukingoni mwa ziwa upande wa Mara, baba yake mvuvi, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akaja Mwanza, na kwa miaka kumi na sita akasimama mbele ya mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo huko Nyakato. Mle ndani kelele zilikuwa za kuziba masikio. Akina mama walizungumza kwa midomo na macho tu, na mwenzako akiwa mashine ya nne ng'ambo ungejua kama amesema mtoto ana homa au chumvi imeisha. Mwaka wa tisini na sita wakapunguza watu. Majina yakabandikwa getini, lake la tatu kutoka juu. Alitoka na kanga yake ya kazi, sauti ya kushindana na mashine, na ile tabia ya kutazama midomo ya watu.

Mwaka huohuo Otuoma alikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, wa kwanza katika ukoo mzima. Barua zake zilikuwa fupi. "Naendelea vizuri, mama." Odeta alizisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaziweka ndani ya Biblia. Kabla mwaka haujatimia kijana akashuka kwenye treni na sanduku lake la bati begani.

"Nimedisko, mama," alisema. Ndivyo wanavyosema wanafunzi mtu akifukuzwa kwa kushindwa masomo.

Baadaye sana ndipo Odeta alipojua kwamba tangu mwezi wa kwanza Otuoma hakuwa anaelewa wahadhiri wanasema nini, na hakumwuliza mtu yeyote. Jambo hilo lilimkaa kifuani. Kiwandani uzi ukikatika unasimamisha mashine palepale na kupiga kelele. Ukimwogopa msimamizi ukauacha uende, kitambaa kinatoka na ufa mrefu kuliko chumba. Mwanawe uzi ulimkatikia mapema, naye mama yake akasoma "vizuri" na kuridhika. Otuoma sasa alikuwa anapima sangara ufukweni kwa ajili ya viwanda vya minofu, ana afya, ana mke. Lakini Odeta alijiapiza kwamba hatadanganywa tena na neno "vizuri".

Ndiyo maana ya pembe za shuka.

Mwaka wa tisini na tisa akaja Kija, binti wa mkulima wa pamba kutoka Sengerema, ng'ambo ya maji. Asubuhi ya kwanza alipomwona Odeta, aliweka kitabu chini, akapiga magoti yote mawili kwenye saruji, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, saruji hiyo si zulia."

"Mwambie, mama!" alidakia Sharon, msichana wa mjini aliyekuwa analala naye chumba kimoja. "Kila mpishi, kila mlinzi, anapigiwa goti. Kija, magoti yataisha kabla hujaiona digrii!"

Kija alicheka, na kesho yake akapiga goti tena. Odeta alimpenda kwa hilo, na kwa hilohilo akaanza kuwa na wasiwasi naye. Kila alipompa pembe ya shuka na kumwuliza masomo yanakwendaje, Kija alijibu, "Vizuri, mama," huku akitazama maji yanayomwagika miguuni.

Jumatano moja ya mwezi wa pili Odeta aliingia chumbani kwao kuchukua mapazia. Juu ya kitanda cha Kija palikuwa na sanduku la bati, wazi. Nguo zimekunjwa, viatu vimefungwa kwenye gazeti, vitabu vya maktaba vimepangwa pembeni, tayari kurudishwa. Kija mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni.

Odeta alisimama palepale mlangoni. Sanduku lile alilijua. Lilikuwa na rangi nyingine na kufuli nyingine, lakini alilijua.

"Unasafiri?"

"Nakwenda nyumbani kidogo, mama."

"Kidogo, na viatu vya mvua?" Odeta alifunga mlango kwa mgongo wake. "Sema."

Alisema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kulikuwa na somo la semina la Dokta Mihayo. Kwenye semina mwalimu haandiki ubaoni ukanakili. Anasema jambo, kisha anakugeukia: unakubali? Mara ya kwanza alimgeukia Kija akajibu ndiyo. Mara ya pili akajibu ndiyo. Dokta akamwambia mbele ya wote kwamba hakuletwa pale kuitikia, na kwamba Jumanne itakuwa zamu yake kusimama na kusema lake. Akiwa hana lake, hatapata alama za semina, na bila hizo haruhusiwi kuingia kwenye mtihani.

"Hukuwa umesoma?"

"Nimesoma, mama. Vitabu vyote."

"Na alichosema ulikubaliana nacho?"

Kija alitikisa kichwa. "Alikosea."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Ni makamo ya baba yangu," Kija alisema kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvua viatu mlangoni. "Nimwambie amekosea, mbele ya watoto?"

Odeta alitazama sanduku, akamtazama binti. "Sanduku lirudi chini ya kitanda mpaka Jumanne. Jumanne jioni ukitaka kwenda, nitakubebea mwenyewe mpaka kivukoni. Sasa shika mapazia, twende."

Uwanjani alimpa pembe mbili za shuka, akarudi nyuma mpaka shuka ikakaza.

"Nibishie."

"Mama?"

"Mimi nasema, wewe unabisha. Maji ya ziwa hili ni ya chumvi."

Kija alisokota upande wake. "Ndiyo, mama."

"Yawa!" Odeta alishangaa kwa lugha ya kwao. "Umezaliwa Sengerema, umeyanywa maji haya tangu unyonyeshwe, unaniambia ndiyo?"

"Labda mama una maana nyingine."

Sharon, aliyekuwa akianika soksi zake, alicheka mpaka akashika nguzo. Odeta hakucheka. Alikuwa anatazama uso ule na kuona kwamba binti hakuwa mwoga. Alikuwa amelelewa vizuri. Kumng'oa malezi yake kusingemsaidia, wala Odeta hakutaka.

"Baba yako akiwa anapuliza dawa kwenye pamba," alisema huku akisokota, "upepo ukaanza kumrudishia usoni, unanyamaza?"

"Hapana! Namwambia."

"Unamwambiaje?"

"Nainama kidogo, nasema, samahani baba, upepo umegeuka."

"Anakupiga?"

"Anashukuru."

"Basi, huyo Dokta naye upepo umegeuka. Maji ya ziwa hili ni ya chumvi."

Kija alikunja goti, kidogo tu. "Samahani, mama. Ni matamu."

"Sijasikia!"

"Ni matamu!"

Walikamua shuka kumi na mbili siku ile. Alhamisi Odeta akamtaka amweleze jambo lenyewe ambalo Dokta alikosea. Ilikuwa habari ya pamba. Dokta alisema pamba ya Usukuma imechafuka siku hizi kwa sababu wakulima wamekuwa wavivu.

"Wavivu!" Kija alisema, na safari hii sauti ilikuja bila kuitwa. "Zamani tulichambua kwa mkono, mama. Nyeupe peke yake, hiyo safi. Yenye madoa na majani peke yake, hiyo fifi. Ukichanganya, karani wa chama cha ushirika anakurudishia mzigo wote. Sasa wamekuja wanunuzi binafsi na malori yao, wanashindana nani awahi. Wanazoa safi na fifi kwa bei moja. Baba msimu wa kwanza alichambua, yule mnunuzi akamwaga yote kwenye gunia moja mbele ya macho yake. Nani angechambua tena?"

Odeta aliachia pembe ya shuka. Ikaanguka kwenye matope, shuka safi, na yeye wala hakuitazama.

"Lini hiyo?"

"Nilikuwa kidato cha pili. Tisini na nne."

"Nyuzi zetu," Odeta alisema. "Tangu tisini na tano nyuzi zilikuwa zinakatika kila dakika. Msimamizi akatuambia tunasinzia mashineni. Sisi! Wavivu!"

Walitazamana, shuka iko chini, maji yanatiririka kuelekea ziwani. Miaka minne Odeta alikuwa amelala na kuamka na neno lile la msimamizi, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imeliamini.

Kuanzia siku ile mazoezi yakawa ya kweli. Odeta alisimama mwisho wa kamba, Kija mwanzo, shuka ishirini katikati zikipepea, na Kija akaeleza habari ya safi na fifi, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kwa kuwa semina ilikuwa ya Kiingereza. Cha Kiingereza Odeta hakuelewa kitu. "Sijasikia!" alipiga kelele vilevile. Jumatatu jioni Kija alipomaliza, Odeta alitoka nyuma ya shuka na kusema, "Sijaambulia hata neno, lakini nimeamini."

Jumanne alikuwa na kazi ya kupiga deki uwanjani kwake, lakini alijipa kazi ya kufuta madirisha ya jengo la madarasa. Wadudu wa ziwani walikuwa wamekuja kama moshi, madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na hakuna sauti iliyotoka. Odeta alifuta kioo kimoja mpaka kikang'aa kama jicho. Nyuma ya kioo hicho aliwaona wanafunzi wameketi, na Dokta Mihayo, mtu mrefu mwenye mvi za pembeni, akiongea na kunyoosha kidole. Kisha akamgeukia Kija.

Kija alisimama. Macho yake yalikuwa chini. Odeta alibana kitambaa cha kufutia mpaka maji yakamchuruzika hadi kiwikoni. Alifikiria sanduku, na umbali wa kwenda kivukoni.

Ndipo Kija akakunja goti, kidogo sana, mtu asiyejua asingeona. Akainua uso. Mdomo wake ukaviringika kama wa mtu anayepoza uji, na Odeta, ambaye Kiingereza chote alichokuwa nacho kilikuwa neno moja fupi la kukataa, "no", akalisoma kupitia kioo kama alivyokuwa akisoma midomo ya wenzake mashineni. Kisha yakaja maneno marefu asiyoyajua. Katikati yake aliona meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, mara moja, kisha mara mbili za harakaharaka. Safi. Fifi.

Dokta alisema jambo. Kija alilijibu. Dokta akasema jingine, uso umekunjamana, na Kija akajibu tena, mkono sasa umeinuka. Wanafunzi waligeuka wote kumtazama. Mara ya tatu Dokta alivuta karatasi akaandika.

Mlango ulipofunguliwa Odeta alijifanya anafuta kitasa. Kija alitoka akiwa na jasho kwenye paji la uso, na nyuma yake Dokta mwenyewe.

"Huyu ndiye mama wa kiwandani?"

"Ndiye, mwalimu."

"Shikamoo mama," alisema Dokta, maana, licha ya mvi zake, alikuwa mdogo kwa umri kuliko Odeta. "Binti yako amenipa kazi leo. Amesema kuna shahidi. Ni kweli nyuzi zilikatika kwa sababu ya pamba?"

"Ni kweli, Dokta."

"Lakini mitambo ile ilikuwa mizee. Nadhani zilikatika kwa uchakavu wa mashine tu. Au siyo?"

Mtu mwenye digrii tatu alikuwa amesimama mbele yake akimwuliza. Odeta aliusikia ulimi wake mwenyewe ukijiandaa kusema ndiyo, Dokta, wewe ndiye unayejua. Akainua macho. Nyuma ya bega la mwalimu, Kija alikuwa anamtazama kwa makini, na midomo yake, bila sauti yoyote, ilikuwa inasema: nibishie.

Odeta aliweka ndoo chini.

"Samahani, Dokta," alisema kwa sauti ya Nyakato, korido nzima ikageuka. "Upepo umegeuka. Mashine yangu ilikuwa mpya."

Sanduku la bati halikwenda kivukoni. Kija alilitoa chini ya kitanda wiki ileile, akampelekea Odeta aweke sabuni na vibanio vya nguo, na Oktoba iliyofuata wageni walipofika walimkuta msichana wa mwaka wa pili ameketi juu yake, pembeni mwa kamba, akimwambia mama mtu mzima kwamba shuka ile bado haijatakata. Na mama yule, aibu hana, alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.