Tulipanda Mlima kwa Rivasi

Asubuhi ile tulipakia sabuni na mafuta ya kupikia Arua, tukanywa chai Koboko, tukavuka Oraba kabla jua halijawa kali. Mume wangu Ezati aliendesha lori letu dogo la fo-wili, mimi niliuza. Kwenye soko moja mbele ya Kaya, ndani ya Sudan Kusini, rafiki yangu Keji alikuwa ameshatandika ufuta wake, mama yake mzee akipepeta kando. Walikuwa wamenyeshewa njiani, na Keji alinichekesha akieleza jinsi mama alivyokataa kukimbia.

Saa tano bunduki zikaanza upande wa kaskazini.

Hatukuhesabu waliopanda. Watu walikaa juu ya katoni za sabuni, wengine wakaning'inia pembeni. Tulikuwa chini ya mlima wa mwisho kabla ya Kaya niliposikia chuma kikigonga chuma. Lori likasimama. Ezati akaingia chini yake.

"Propela imekatika," akasema. Ndicho chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. "Nyuma iko bure. Tujaribu na ya mbele."

Akakifungua kwa spana, akakivuta nje, akaweka fo-wili ili magurudumu ya mbele yavute peke yake. Mlima ukaulaza mzigo nyuma, na tairi za mbele zikazunguka tu kwenye changarawe.

"Tupande rivasi," akasema. Kinyumenyume, uzito ungelalia mbele. "Lakini gari iwe nyepesi. Ambia watu washuke."

Kikakwa, lugha ya wengi pale, nakijua kuliko yeye, kwa hiyo mimi ndiye niliyewaambia. Sabuni tukaitupa, mafuta tukayatupa. Watoto na wagonjwa wakabaki juu. Wengine nikawaambia watembee kando ya lori.

Keji, aliyeshuka na mama yake, alinishika bega. "Barabara iko wazi sana. Mimi na mama tutapita kwa mtama."

"Msikawie," nikamwambia.

Lori likaanza kupanda, kisogo mbele. Nilitembea na gogo mkononi. Kila lilipoteleza kurudi chini, nililisukuma gogo chini ya tairi la mbele.

Risasi zikapita juu yetu.

Lori likateleza. Nikasukuma gogo. Mkono sikuuwahi kuutoa.

"Mama Neema!" Ezati akaniita.

"Endesha!"

Akaendesha.

Vidole viwili vilikatwa hospitalini Koboko. Wote waliobaki na lori, wa juu na wa kando, walifika Oraba jioni ile.

Siku ya tatu mama yake Keji alivuka, miguu imevimba, peke yake. Risasi ziliwakuta kwenye mtama, wakapoteana. Ezati, aliyekuwa akishinda mpakani akiwaulizia, alimleta nyumbani kwetu Manibe. Keji hatujamsikia hadi leo. Kila anayevuka tunamuuliza.

Miaka imepita. Lori lilipata propela nyingine na bado linatulisha. Nimejifunza kufunga mizigo kwa vidole vitatu. Mwanamke mmoja aliyepandishwa siku ile na homa kali, hata jina lake hakuweza kulitaja, sasa anauza samaki sokoni Koboko. Nikipita, huushika mkono huu mbovu kwa mikono yake yote miwili, halafu tunaongea habari za watoto.

Mama yake Keji, aliyebaki kuishi nasi, hakuwahi kuniuliza kwa nini niliwashusha. Nilingoja swali hilo miaka yote. Msimu huu, tukipalilia karanga, nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ni mimi niliwaambia mshuke."

Alisimamisha jembe.

"Juu kulikuwa na watoto," akasema. "Wewe uliangalia wale. Keji aliangalia mimi. Na mimi iko hapa."

Tulilia pale pale, kila mmoja kwenye mstari wake. Kisha akainama tena, akanionyesha magugu niliyoyaruka, na shamba lile tukalimaliza siku ile ile.