Mama Hawezi Kulala kwa Mkwe

Tangazo lilipita kijijini kwetu kwa bodaboda. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa nyuma ya dereva, kipaza sauti mdomoni, na kila walipopanda kilima pikipiki ilinguruma kiasi kwamba tulisikia nusu tu ya maneno. Nusu hiyo ilitosha. Mvua kubwa zinakuja, na upepo mkali. Waliojenga chini ya mlima wahame kwa muda, waende kwa ndugu au shuleni. Tahadhari kabla ya hatari, akamalizia, kisha akakohoa humo humo kwenye kipaza sauti wakaendelea na safari.

Kwa upande wetu huu wa Heru Juu, waliojenga chini ya mlima hawakuwa wengi. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Tangu baba afariki, mama aliishi peke yake kwenye nyumba ya tofali mbichi, mlima ukiwa mgongoni mwake. Huko juu, kwenye shamba la mihogo, ardhi ilikuwa imepasuka tangu masika yaliyopita. Niliwahi kuingiza mkono kwenye ule ufa, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mama yangu aliichukua methali hiyo kama ilivyo: kila jioni alipanda na karai la majivu na maganda ya mihogo, akaumwagia ufa wa mlima kama mtu anayelisha mfugo. Nilimwambia mlima haushibi majivu. Akaniambia na mimi siku hizi nimekuwa na mdomo.

Siku ya tangazo nilikwenda kwake. Tulipigiana makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye, za watoto, za mbuzi, za maharage, mpaka nikahisi mvua itatukuta bado tunasalimiana. Kisha nikamwambia afungashe, twende kwangu.

"Kwako ni kwa nani?" akauliza.

"Kwangu, mama."

"Oya, hapana. Kwako ni kwa mkwe wangu."

Hapo nikajua kazi ipo. Kwetu Waha, mama mkwe na mkwe wanatenganishwa na heshima. Hawatajani majina, hawapeani mikono, hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mkwe anatoka njiani, anageukia migomba na kuikodolea macho mpaka mama apite. Kulala chini ya bati moja ndiyo hata haizungumzwi. Vijana wa Kasulu mjini wameshaachana na mambo hayo, wanapiga picha wamemkumbatia mama mkwe begani. Nilimwonyesha mama picha moja ya namna hiyo kwenye simu yangu, akanirudishia simu haraka kana kwamba imemuunguza.

"Basi nenda kwa mwanao Kibondo," nikasema.

"Kwenye kile chumba kimoja cha kupanga? Nilale na mwanangu na mkewe, pazia katikati?"

"Basi shuleni."

"Nilale chini kwenye sementi, wanaume huku, wanawake huku? Nimekosa nini mimi?"

Heshima ni kitu cha bure, watu husema. Siku ile niliona bei yake. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mlima utamfunika mama yangu akiwa kitandani, na yeye ananihesabia nani anaruhusiwa kulala wapi. Nikarudi nyumbani kwa hasira, nikavunja na kikombe nilipokuwa naosha vyombo.

Mume wangu ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Nilimweleza yote, na mengine nikayarudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda sebuleni, akakunja godoro, akalitia begani. Jirani yetu ni seremala na ana banda lake la kazi upande wa pili wa barabara.

"Mwambie mabukwe nyumba haina mwanamume," akasema, akaondoka.

Mabukwe ni mama mkwe. Ndivyo anavyomwita, na hata hilo hulisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake mama akaja, mchana kweupe, watu wote wamwone. Alikuja na kuku wake, Biblia, sufuria kubwa na mfuko wa mbegu za maharage. Nikapumua.

Na mvua isije! Jua likawaka kama kiangazi. Familia zilizokuwa zimelala shuleni zikaanza kurudi makwao zikimcheka mwenyekiti na kipaza sauti chake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mama hakusubiri kupewa. Alilichukua mwenyewe, akapalilia maharage yangu yote, pamoja na machache ya jirani ambayo hakuna aliyemtuma. Asubuhi alipokuwa anafagia uwanja alimwona mume wangu kwa mbali akitoka kwenye banda la seremala na maranda kichwani. Akaacha ufagio hapo hapo.

"Mwenye nyumba anaamka na maranda kichwani kwa sababu yangu," akaniambia. "Watu watasema nini? Mvua yenyewe haipo. Narudi kwangu."

Tuligombana mpaka mchana. Nilimtajia ufa, nilimtajia baba, nilimtajia Mungu. Alifunga furushi lake wakati mimi bado nasema. Mwisho alitoka na furushi kichwani, na mimi nikamfuata na kuku kwapani, kwa sababu ningefanya nini? Mama yako akiamua kuondoka, unambebea kuku.

Njia ya kwenda kwake inashuka bondeni na kufuata kijito. Kuna mahali inakuwa nyembamba sana. Kulia kuna ukingo wa udongo unaomzidi mtu kimo, kushoto kuna matope ambayo ng'ombe huzama mpaka magotini. Hapo ndipo tulipokutana na mume wangu akitoka shambani, jembe begani.

Alitakiwa arudi nyuma mpaka pale njia inapopanuka, ageuze uso, tupite. Amefanya hivyo tangu anioe. Safari hii alisimama. Hakumtazama mama, alinitazama mimi, akaliona furushi, akamwona kuku. Akashusha jembe, akatugeuzia mgongo, kisha akakaa chini katikati ya njia.

"Anafanya nini?" mama akauliza.

"Amekaa."

"Naona amekaa. Mwambie anipishe."

Tulikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini heshima haina habari na masikio. Nikamwambia mume wangu, "Mama anasema umpishe."

"Mwambie mabukwe njia imefungwa," akajibu, akitazama mbele.

"Anasema njia imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na yeye."

"Mwambie hana adabu!"

"Anasema huna adabu."

"Mwambie ni kweli."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kuku naye alikuwa ananikwaruza ubavuni. Mama angepitaje? Angelazimika kupandia begani kwa mkwe wake, gauni lake limguse kichwani. Kwa mama yangu, afadhali mlima umwangukie. Mume wangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi aliyenizaa. Maneno yangu yote ya tangu asubuhi hayakumzuia mama hata kufunga kanga yake. Mgongo wa mkwe ulimzuia.

"Mwambie nitamshtaki kwa wazee," mama akasema. "Atatozwa faini."

"Anasema utatozwa faini."

"Mwambie nitalipa."

Mama akakataa kurudi, akakataa na kukaa. Alisimama tu, furushi kichwani, shingo imenyooka. Sijui tulikaa hapo muda gani. Najua kwamba jua bado lilikuwa linawaka nilipoona majani ya migomba yamegeuka yote kwa pamoja, yakaonyesha upande wake mweupe. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Muyama, na nyuma yake mbingu ilikuwa nyeusi mpaka chini. Mama akaitazama. Akageuka, akanipita, akapanda kilima kwa kasi ambayo sikujua bado anayo. Mume wangu alisubiri mpaka tumetangulia mbali ndipo akanyanyuka.

Mvua ilitukuta mlangoni. Upepo uliezua banda la seremala lote, ukachukua na bati moja la jiko letu, likapaa kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Mume wangu hakuwa na pa kwenda tena. Aliingia jikoni, akajibanza na mbuzi upande ambao bado una bati. Mama alikuwa sebuleni, kanga usoni, na kati yao ukuta wa tofali moja. Nilipopika uji, mama alimimina kikombe cha kwanza, akanisogezea.

"Mpelekee huko. Usiseme nimemimina mimi."

Kabla giza halijaingia tulisikia mlima. Haikuwa radi. Ilikuwa sauti nzito na ndefu, kama lori linamwaga mawe na halimalizi. Mama alishusha kanga usoni.

"Ule ufa," akasema.

Asubuhi tulikwenda. Jiko lake halikuwepo. Chumba alichokuwa analala kilikuwa kimejaa udongo mpaka dirishani, na juu ya udongo kulikuwa na mihogo imesimama wima, kana kwamba imepandwa pale. Mlango wa mbele ulibaki, umefungwa na kufuli lake. Mama alifungua fundo la pindo la kanga, akatoa ufunguo, akautazama, akaufunga tena. Mimi nilikaa chini nikalia kwa sauti kama mtoto.

"Unalia nini?" mama akaniuliza. "Mimi si niko hapa?"

Alikuwa pale. Sijawahi kushukuru kwa kitu chochote kama nilivyoshukuru kwa kugombezwa asubuhi ile.

Watu walikuja na majembe bila kuitwa. Walichimba, wakatoa kinu, beseni, kiti cha baba kikiwa na mguu mmoja pungufu, na kila kilichotoka wanawake walikiosha kijitoni na kukianika juani. Hakuna aliyekufa kijijini, ingawa mapaa mengi yalikwenda. Barabara ilipopitika, kaka alifika kutoka Kibondo na mabati juu ya basi. Ndugu zetu wa Makere wakaleta mizigo ya vijiti vya mihogo, tukapanda upya kabla udongo haujakauka. Seremala aliezeka banda lake, na mume wangu akarudi kulala kwenye maranda.

Nyumba mpya ya mama tuliijenga kwenye uwanda, ng'ambo ya barabara, mbali na mlima. Mume wangu ndiye aliyejenga. Mama alikwenda kuikagua pale tu fundi alipokwenda kula, kisha maagizo yakapita kwangu. Mwambie dirisha ni dogo. Mwambie mabukwe dogo ni kwa ajili ya wezi. Mwambie wezi waje, nina nini cha kuiba? Ukiniuliza, nyumba ile imejengwa kwa tofali, saruji na mdomo wangu.

Lakini lile la njiani mama hakulimeza. "Mkwe wangu alinikosea," alikuwa anasema, akichambua maharage.

"Mama, alikuokoa."

"Ndiyo. Na alinikosea."

Hapo nilikuwa nawaka. Mume wangu alijifanya hajali, lakini kila jioni alipokuja kuchukua chakula chake aliniuliza, huku anatazama pembeni, "Mabukwe anasemaje?" Nikamjibu kwamba anasema ukuta umenyooka. Akatikisa kichwa, akaenda na sahani yake. Hilo silo alilotaka kusikia, na nilimwonea huruma. Kijana wa watu alimvunjia heshima mama mkwe wake mara moja tu maishani, tena kwa kumpenda, na hakuwa na njia ya kumwomba radhi.

Jumapili ya kwanza baada ya mama kuhamia kwake, alikwenda kanisani na kuku wa shukrani. Wakati wa shuhuda ulipofika alinyanyuka kutoka upande wetu wa wanawake, akaniachia kuku, akaenda mbele. Si kawaida yake. Mama yangu akipewa nafasi ya kusema mbele za watu huwa anasema Bwana asifiwe na kukaa.

"Mlima ulianguka juu ya kitanda changu," akasema. "Na mimi siku hiyo nilikuwa narudi kukilalia. Binti yangu alisema sana, sikumsikia. Basi Mungu akamweka mtu njiani, akakaa, sikuweza kupita. Mtu huyo siruhusiwi kumtaja. Kumtazama siruhusiwi, na kumshukuru mdomo kwa mdomo siruhusiwi. Niliwaza sana nitafanyaje."

Watu wa kwetu walishaelewa ni nani, na hakuna aliyethubutu kugeuka upande wa wanaume.

"Kwa hiyo nimekuja kumwambia Mungu asante," mama akasema. "Na Mungu amfikishie."

Nilikuwa nimeshika kuku, machozi yakanitoka, sikuwa na mkono wa kuyafuta. Na kutoka nyuma, upande wa wanaume, kabla kanisa zima halijaitikia, ikasikika amina moja, kubwa, ya mtu ambaye huwa hapazi sauti.