Nimenaswa na Sayari ya Gongoni

Mimi mwalimu wa fizikia nimenaswa kibarazani kwa shangazi yangu, Gongoni, na sioni pa kutokea.

Leo nafundisha kidato cha nne jinsi chombo cha anga kinavyopita karibu na sayari kubwa, kikavutwa, halafu kikachomoka na kasi zaidi kuliko kilivyokuja.
Mkuu wa shule kasema atakaa nyuma anisikilize.

Nikakatiza na baiskeli mbele ya nyumba ya shangazi. Nikamkuta nje.
Sasa mtu mzima humwamkii ukiwa juu ya baiskeli. Nikashuka.

Chombo kikifunga breki karibu na sayari, kinanaswa. Nalijua hilo. Ndilo nalofundisha.

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba. Kaa, chai inachemka."
"Nina kipindi."
"Unafundisha nini cha kukukimbiza hivyo?"
"Namna ya kupita kwa mkubwa na kuondoka na kasi."

Akaniangalia sana.
"Bila kukaa? Huyo mkubwa hana chai?"

Simu ya mkuu inaita mfukoni.
Wenye shangazi kama huyu, huwa mnatokaje?

Baiskeli yangu keshampa mpangaji wake akafuate sukari.
Hiyo imechomoka na kasi kweli.