Bodi ya Kamera ya Pili

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa fundi mitambo katika chuo kimoja mjini Kisumu. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametuletea studio ndogo ya televisheni ya kurekodia masomo, nasi tukaiweka katika darasa la zamani lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Kulikuwa na kamera mbili, taa nne zilizotutoa jasho tangu asubuhi, na paneli ya kuchagulia picha. Paneli hiyo ilikuwa meza ya chuma yenye vitufe. Ukibonyeza cha kwanza, inarekodiwa picha ya kamera ya kwanza. Ukibonyeza cha pili, ya pili.

Aliyekaa kwenye vitufe alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkazi wa mtaa wa Obunga, mama wa watoto wawili. Aliajiriwa kupiga taipu, akajifunza paneli kwa kututazama. Mimi nilikuwa na cheti, yeye hakuwa nacho, lakini tukirekodi, nilikuwa na amani pale tu alipokaa yeye.

Siku moja alikuja mgeni mkubwa kutoka Nairobi kurekodiwa hotuba. Mkuu wetu wa studio, mzee aliyependa kila kitu kionekane safi mbele ya wageni, aliagiza feni iliyopoza mitambo izimwe ili mvumo wake usiingie kwenye sauti. Mimi ndimi niliyeizima. Mgeni alipofika katikati ya hotuba, picha ya kamera ya pili, iliyokuwa imeshika uso wake, ikatoweka na skrini ikawa nyeusi. Yule mama alihamia kamera ya kwanza upesi, ikabaki kuonekana sikio na bega la mheshimiwa. Alijaribu ya pili tena, giza. Baadaye mgeni alipoonyeshwa rekodi, aliuliza kwa upole nani alikuwa kwenye mashine.

Kesho yake asubuhi mkuu aliniita tuijaribu paneli. Studio ilikuwa bado baridi, na kila kitufe kilifanya kazi. Akaniwekea karatasi inayosema mtambo ni mzima, nitie sahihi. Nilimwambia ningependa kwanza kuujaribu ukishapata joto. Akasema naulizwa mtambo ulivyo sasa. Nilikuwa na mke mjamzito na kazi isiyotimiza mwaka. Nikatia sahihi. Kabla ya saa sita mchana yule mama alikuwa ameshapewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunarekodi somo la hesabu, kijana mwingine akiwa kwenye vitufe, picha ya kamera ya pili ikapotea vilevile. Safari hii sikumwomba mtu ruhusa. Walimu walipoondoka niliziacha taa zikiwaka, nikafungua kifuniko cha paneli. Ndani, kila kamera ilikuwa na bodi yake, zote mbili za aina moja, zimechomekwa kando kwa kando. Nilizima umeme, nikazibadilisha nafasi, nikawasha. Sasa kamera ya kwanza ndiyo ikawa giza na ya pili ikaonekana vizuri. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na bodi. Kamera hazikuwa na kosa, vitufe havikuwa na kosa.

Nilitaka kuwa na hakika kabisa. Nilikwenda kwa wauza samaki, nikaomba kipande cha barafu, nikakifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kukigusisha kwenye transista za ile bodi, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme, moja moja. Nilipofika ya tatu, picha ikarudi. Nikaondoa barafu, nikasubiri, ikapotea. Niliirudia kazi hiyo mara tano, na kila picha iliporudi nilikuwa naiona sahihi yangu.

Bodi ya akiba ilikuwa stoo, ndani ya sanduku lililokuja na mitambo, halijafunguliwa. Kuichomeka kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikampelekea mkuu pamoja na bodi mbovu. Aliisoma yote. Kisha akafungua mtoto wa meza, akaiweka ndani.

"Mtambo umepona," akasema. "Sasa unataka nini?"

"Yule mama arudishwe kazini, Mzee."

"Na mimi nimwambie mheshimiwa nilimdanganya? Na wewe, uliyetia sahihi?"

Nilitoka, nikafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Jumamosi nilikwenda kumtafuta yule mama. Nilimkuta sokoni Otonglo akiuza omena, dagaa wa ziwani, amezipanga kwa mafungu juu ya gunia. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza habari za joto, bodi na barafu. Alinisikiliza huku akimhudumia mteja.

"Umewaambia wale waliokuwa pale siku ile?" akauliza.

Nikamwambia nimemwambia mkuu peke yake.

"Basi, Bwana fundi, umetoka mjini mpaka hapa kuniambia kitu ninachokijua. Mimi naujua mkono wangu. Ni wao ambao hawajui."

Nilinunua mafungu mawili. Aliyafunga kwenye gazeti, akanishukuru kama anavyomshukuru mteja yeyote.

Nilikaa katika kazi hiyo miaka sita zaidi. Nilipandishwa cheo, na katika barua ya kunipandisha waliandika kwamba niligundua hitilafu ngumu na kuitengeneza bila msaada wa wataalamu wa nje. Yule mama nilisikia amepata kazi ya ukarani Muhoroni, kwenye mzani wa miwa wa kiwanda cha sukari. Nilimwona mara moja tu baadaye, stendi ya mabasi, akiwa na binti yake mkubwa. Binti aliuliza mimi ni nani. Mama akamjibu kuwa tulifanya kazi pamoja zamani, akamshika mkono, wakapanda basi.