Maganda ya Mdogo Wake

Bi Maganda si mtu wa kupendwa, na mimi sitaanza leo kumpamba. Nimepanga chumba kwake miaka mingi. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko dirishani ghorofani, na dirisha hilo linatazama ua wake na ua wa mdogo wake kwa pamoja, ukuta katikati. Ninayoyasema nimeyaona. Ana ulimi mkali kuliko mkasi wangu. Ukimsalimu anaitikia kama mtu aliyeamshwa usingizini, na ukipita bila kumsalimu atakufuata mpaka barabarani akuulize umekosa adabu tangu lini.

Kazi yake ni kutoa mafuta kwenye maganda ya machungwa, na jina alilipata hapo. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha manukato akiosha mapipa. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na bomba la shaba lililojikunja kama utumbo, pamoja na chuki kwa mabosi wote duniani. Bomba hilo ndilo mtaji wake. Maganda mabichi anayakatakata, anayajaza kwenye pipa la chuma juu ya maji, anafunika, kisha anaziba kila upenyo kwa unga uliokandwa. Chini anawasha mkaa. Mvuke unapanda, unapita kwenye maganda na kubeba mafuta yake, unaingia kwenye bomba, na bomba limezamishwa ndani ya pipa jingine lililojaa maji ya baridi. Humo mvuke unapoa na kutoka ukiwa maji, na juu ya maji yanaelea mafuta, utando mwembamba wenye rangi ya dhahabu. Anauengua kwa subira ambayo binadamu mwenzake hajawahi kuonjeshwa. Maganda yaliyokwisha kupikwa anayakausha, mfugaji wa ng'ombe anakuja kuyachukua. Kwake hakitupwi kitu isipokuwa maneno.

Sharti la kazi hiyo ni moja: maganda yawe ya siku hiyo hiyo. Yakilala yanachacha, na mafuta yananuka kama kinywa cha mlevi. Na maganda ya siku hiyo hiyo, tena mengi, yalipatikana mahali pamoja tu mtaani kwetu. Yalikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa mdogo wake, muuza juisi.

Huyo naye msimwonee huruma mapema. Ni mnene, mcheshi kwa wateja na mkavu kwa wengine wote. Mkewe alishamwacha na hakuna aliyeuliza sababu. Utotoni alikuwa mwembamba wakamwita Kijiti, na jina limemganda mpaka leo na kitambi chake. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa kibaruani. Mama alipokufa waligombania nyumba: nani alimuuguza, nani alikuja kulia tu. Wakaigawa, wakajenga ukuta katikati ya ua. Bomba la maji likaangukia upande wa Kijiti, ndiyo maana dada mtu anateka maji nje na kuyahifadhi kwenye mapipa. Siku ukuta ulipokamilika, Bi Maganda aliapa mbele ya waashi kwamba hatamsemesha mdogo wake mpaka kaburini. Kijiti akaapa vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, maana hapendi kushindwa.

Lakini maganda ilibidi yavuke. Ndipo ulipoanza upuuzi wao wa ndoo. Kila mchana Kijiti aliweka ndoo ya maganda juu ya ukuta, na kwa kuwa waliapa kutosemeshana, waliisemesha ndoo.

"Ndoo, mwambie huyo bibi akutoe haraka, nina wateja."

"Ndoo, mwambie huyo mnene asinichanganyie maganda ya jana. Pua ninayo."

Watu wazima hao. Majirani walinituliza kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi ningelima, ningevuna na kupanda tena, na ningewakuta wanaisemesha ndoo.

Halafu akaja mwanamke wa sabuni. Alikuwa na karakana yake ng'ambo ya mji, amesikia habari za mafuta. Aliyanusa, akafumba macho, akasema atachukua yote atakayopewa, mradi yabaki vile vile. Yanaingia kwenye sabuni, alisema, na kwenye dawa za kusafishia, na watu wanayatafuta sana siku hizi kwa sababu yanatokana na kitu ambacho kingeozea jalalani. Nilimwona Bi Maganda akitabasamu kwa mara ya kwanza, na haikumpendeza. Lakini nilimwelewa. Magoti yalikuwa yameanza kumkataa, kazi nyingine hakuijua, na kumbe mwisho wa yote kuna mtu anaitaka hii.

Mwanamke huyo alipokuja safari ya pili alikosea mlango. Akaingia dukani kwa Kijiti kuulizia, na alipoambiwa ni upande wa pili, akatoa pongezi zake.

"Kwa hiyo wewe ndiye ndugu yake. Hongera. Kumbe takataka zako ndizo zinazotoa mafuta mazuri vile."

Hakuwa na nia mbaya. Watu wengi wanaoharibu mambo hawana nia mbaya. Kijiti alibaki amesimama na nusu ya chungwa mkononi, juisi inamchuruzika mpaka kiwiko. Kesho yake ndoo haikuvuka.

Bi Maganda alingoja chini ya ukuta, mikono kiunoni. Mwishowe akauliza hewani, "Ndoo, uko wapi?"

"Ndoo imeacha kazi," sauti ikajibu. "Maganda ni ya mwenye machungwa."

Alizunguka mji akiomba kwa wauza juisi wengine, yeye asiyejua kuomba. Akirudi na magunia, nusu yameshachacha na nzi wanamsindikiza. Alipika hayo hayo. Mwanamke wa sabuni alinusa, safari hii macho wazi, akasema kwa adabu kwamba atapita mara moja tena, na yakiwa hivi hataweza kuyachukua. Bi Maganda akaichukua chupa yake. Aliingia ndani akafunga mlango, na siku nzima hakumtukana mtu, jambo lililotutisha wote.

Huku nyuma Kijiti alikuwa ameleta pipa la chuma na bomba. Mapishi ya dada yake alikuwa akiyaona juu juu kupitia ukutani, akadhani ndiyo kuyajua. Bi Maganda alipanda juu ya kigoda akachungulia, kisha akapanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Hapandi ngazi ovyo, kwa magoti yale.

"Hana pipa la kupozea," akaniambia. "Ameweka bomba la mvuke kwenye beseni chini ya bomba la maji, anaacha yatiririke. Na chupa ya kupokelea mafuta ameitega ubavuni mwa moto."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi? Mwache. Atapika mara mbili tatu, atapata uchafu, atachoka. Maganda yatarudi kwangu."

"Huyo ni mdogo wako, Bi."

"Wewe shona."

Nikashona. Ningefanya nini, na nyumba ni yake?

Sasa, mtaani kwetu maji hukatika bila kupiga hodi. Mchana mmoja nilikuwa napiga pasi, nikasikia bomba la maji la upande wa pili likikoroma na kunyamaza. Nikatazama ua wa Kijiti. Mkaa ulikuwa umekolea chini ya pipa, na ule mtiririko uliokuwa ukiangukia beseni ulikuwa umekwisha. Mwenyewe alikuwa dukani na wateja. Aliporudi uani aliona mafuta hayatoki vizuri, akadhani moto ni mdogo. Akaongeza mkaa.

Harufu ya machungwa ilijaa ghafla, nzito, mpaka chumbani kwangu. Harufu hiyo ilitakiwa kuwa imetulia ndani ya chupa. Bi Maganda aliinua pua upande wake, akadondosha kisu na kwenda ukutani kwa kasi ambayo sikujua bado anayo. Alifungua mdomo. Nililiona hilo vizuri, na silisahau: alifungua mdomo, akasita, kisha akasema,

"Ndoo, mwambie huyo mnene atoe moto."

"Ndoo, mwambie huyo bibi wivu utamuua."

"Ndoo, mwambie maji yamekatika. Mvuke unatoka mzima mzima."

"Ndoo, mwambie apike uvundo wake aniache."

Nilimpigia kelele mimi mwenyewe kutoka dirishani, lakini kwa Kijiti mimi ni mpangaji wa adui, hata nikimwambia kumekucha atachungulia nje kwanza. Akaniinulia mkono wa kunifukuza. Akainama kuchochea mkaa.

Ndipo dada yake alipokiacha kiapo.

"Kijiti. Kijiti mdogo wangu, toka hapo. Iache chupa."

Alisikia. Alinyooka akageukia ukuta, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa ndani. Kama angeitwa hivyo mara ya kwanza, angekuwa ameshaondoka. Lakini chupa ilikuwa inatokota, ikafurika, mafuta yakachuruzika kwenye mkaa na moto ukaruka juu. Na Kijiti, badala ya kukimbia, aliipelekea mikono yote miwili, aokoe mafuta.

Sijui Bi Maganda alivukaje ukuta. Nilipofika chini, nikazunguka mpaka upande wa pili, nilimkuta ameketi ardhini na mdogo wake amemlalia mapajani. Mikono ya Kijiti ilikuwa ndani ya gunia lililolowa, na wote wawili walikuwa hawana nyusi.

Kijiti alirudi kutoka hospitali amefungwa bendeji mpaka juu ya viwiko. Daktari alisema vidole vya mkono wa kulia havitakunjika tena. Kukamua machungwa ni vidole, kwa hiyo duka likafungwa, na maganda yakakoma kwa wote wawili. Mwanamke wa sabuni alipita kama alivyoahidi, akakuta hakuna cha kunusa, akaenda zake.

Bi Maganda alianza kupita kwa mlango wa mbele, asubuhi na jioni, kumlisha mdogo wake. Majirani walifurahi kana kwamba wamealikwa harusi. Damu nzito kuliko maji, walisema. Hawakuwa mle chumbani. Mimi nilikuwemo, maana nilimshonea mashati ya mikono mipana yapite juu ya bendeji, na niliyasikia mapatano yao.

"Fungua mdomo."

"Chai ina moto."

"Moto umeanza kuuogopa lini?"

"Tangu nilipokuwa na dada mchawi."

"Mchawi angekuroga upungue tumbo. Tafuna."

Hata hivyo alimlisha. Alichovya mkate kwenye chai mpaka ukalainika, akamfuta kidevu kwa ncha ya nguo yake, huku akilaani. Niliwatazama nikasema moyoni, haya, kama huu ndio upendo wao, na wauchukue ulivyo.

Siku moja nilikuwa nampima Kijiti mabega. Aliuliza bila kumtazama dada yake.

"Siku ile ulijuaje?"

"Harufu."

"Na kabla ya siku ile? Ulikuwa hujui kitu?"

Nilisimama na utepe wangu mkononi. Nilimwomba Mungu yule mwanamke adanganye. Amedanganya majirani, amedanganya wapangaji, amemdanganya mpaka mama yake kitandani kwamba anapona. Siku hiyo moja iliyohitaji uongo, akaamua kuwa mkweli.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilichungulia ukutani, nikaona huna pipa la kupozea, na chupa iko karibu na moto."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka maganda yangu."

Kijiti aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Hakupandisha sauti wala hakutukana, na nikatamani atukane. Dada yake akainua kijiko. Kijiti akafumba mdomo. Kijiko kikakaa pale midomoni pake, chai ikadondokea shati jipya.

"Mpe fundi," Kijiti akasema.

Nilitaka kukataa. Nilisema nina nguo za watu, nina haraka. Bi Maganda akanishikisha kijiko, akanishikisha na kikombe, akatoka.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayemlisha. Bi Maganda anachemsha chai, anachovya mkate, anauleta mpaka mlangoni na kunikabidhi. Haulizi amekula kiasi gani. Anangoja nje mpaka nimalize, anachukua kikombe, anakitazama ndani, kisha anarudi kwake.